Baba Shujaa, Mwana Hivi Hivi

Plato ameacha kisa cha wazee wawili wa Athens waliokuwa na aibu ambayo mtu humwambia rafiki tu. Mmoja ni Lysimachus, mwana wa Aristides, yule ambaye wenzake walimpa lakabu ya Mwadilifu na ambaye alikuwa miongoni mwa majemadari waliowakabili Waajemi pale Marathon mwaka 490 KK. Wa pili ni Melesias, ambaye baba yake, Thucydides, alikuwa mwanasiasa mzito kiasi cha kushindana na Pericles. Wazee hawa hula pamoja, na vijana wao huketi nao. Chakula kikiendelea, vijana husimuliwa habari za babu zao: vita walivyopigana, mji walivyouendesha, mashauri ya washirika walivyoyaamua. Hadithi ikifika zamu ya baba, inakatika. Hakuna cha kusimulia.

Lysimachus hailaumu bahati. Anawalaumu wazazi: walishughulika na mambo ya watu, wakawaacha watoto wao wajiendee watakavyo. Sasa yeye na mwenzake wamewapa wana wao majina ya babu, Aristides na Thucydides, na wanataka kujua wafanye nini ili jina lisije likawa ndicho kitu pekee ambacho vijana hao wamerithi.

Wamesikia kwamba kupigana ukiwa umevaa silaha zote ni somo zuri kwa kijana. Wamekwenda kumtazama mwalimu wa fani hiyo, na wamewachukua majemadari wawili, Nicias na Laches, wawape shauri. Nicias anaona somo lina faida. Laches anacheka. Mwalimu huyo anamjua; alimwona vitani juu ya merikebu, ameshika mkuki aliojibunia mwenyewe, umefungwa mundu nchani. Mundu ukanasa katika kamba za merikebu nyingine, vyombo vikapishana, na bwana fundi akawa anakimbia sitahani akiung'ang'ania mpini hadi ukamtoka mkononi, na wa kwao na wa upande wa pili wote wakavunjika mbavu.

Majemadari hawakubaliani, basi shauri linapelekwa kwa mtu mwingine aliyekuwapo, Socrates, mwana wa mchonga mawe. Laches ana sababu ya kumheshimu: mwaka 424 KK jeshi la Athens liliposhindwa pale Delium, wawili hao walirudi nyuma pamoja, na Socrates alitembea kama mtu asiye na haraka. Lakini Socrates hajibu alichoulizwa. Anauliza ushujaa wenyewe ni nini. Mpaka kisa kinakwisha jibu halijapatikana, na wale vijana wawili wamekaa pale pale wakisikiliza.

Swali la wazee hao ndilo nitakalolifuata hapa. Mgawanyo wa fadhila za tabia na fadhila za akili hufundishwa vyuoni kama orodha ya kukariri, fadhila kadhaa huku na tano kule, na mwanafunzi hutoka akidhani Aristotle aliuchora kwa rula siku moja asubuhi. Mimi naona ulizaliwa na aibu hii ya akina baba wa Athens, na kwamba ulichukua karibu miaka mia moja kuiva.

Neno lililowasumbua ni arete. Kwa Kiswahili tunasema fadhila, ila msomaji aiweke kando kwanza ile fadhila ya kutendewa kisha mtu akasahau, ile ya punda na mateke yake. Arete ni ubora wa kitu katika kazi yake. Kwa Homer hata farasi ana arete akikimbia vizuri, na miguu ya mkimbiaji ina yake. Mundu wa kupogolea mizabibu una arete ukikata safi. Kwa hiyo Mgiriki aliyeuliza habari ya arete ya mtu aliuliza kama fundi anavyouliza juu ya chombo: huyu anafaa, na kwa kazi gani?

Wenye nasaba walikuwa na jibu lao la zamani, kwamba ubora hushuka kwa damu. Sisi tungesema mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini Athens ya karne ya 5 KK ilikuwa mji wa baraza na mahakama, ambamo mtu wa familia ya kutengeneza ngozi aliweza kusimama akamshinda mwana wa ukoo kwa maneno, na watu waliona kwa macho yao jinsi wana wa wakubwa walivyokuwa wakitoka hivi hivi. Themistocles, ambaye hila zake ziliwashinda Waajemi baharini pale Salamis mwaka 480 KK, alihakikisha mwanawe Cleophantus anafundishwa kupanda farasi, hata kijana akaweza kusimama wima mgongoni mwa farasi anayekimbia na kurusha mikuki. Hayo ndiyo pekee aliyokumbukwa kwayo. Pericles aliuongoza mji miaka mingi. Mwanawe mkubwa, Xanthippus, aligombana naye kwa ajili ya fedha, akawa anamfanya baba yake kichekesho kwa watu.

Penye uhitaji, wauzaji hufika. Kutoka miji mingine walikuja walimu waliojiita wataalamu wa hekima, na maarufu kuliko wote alikuwa Protagoras wa Abdera. Ahadi yake ilikuwa kwamba kijana akikaa naye siku moja atarudi nyumbani bora kuliko alivyotoka, na kesho yake bora zaidi. Malipo aliyapanga kwa ujanja wa mtu anayeijua bidhaa yake: mwanafunzi akiona ada ni kubwa, aende hekaluni, aape masomo yana thamani gani kwake, alipe kiasi hicho. Protagoras hakuwa mlaghai, ingawa Plato angependa tumshuku. Alipoulizwa mbona wakubwa hawawafundishi watoto wao ubora, alijibu kwamba wanawafundisha, na si wao tu: mama, yaya, baba, majirani, sheria, wote wanamfundisha mtoto tangu anapoelewa maneno, hili jema, hili baya, fanya hivi, usifanye vile. Ukimtafuta mwalimu aliyemfundisha mtoto lugha ya mama hutampata, maana kila mtu ndiye. Katika jibu hilo nusu ya Aristotle imo tayari.

Socrates hakuridhika. Kwake ubora ulikuwa elimu, kitu kimoja chenye majina mengi. Anayejua kweli lililo jema atalitenda; hakuna anayekosea kwa kusudi, kama vile hakuna nahodha anayeipeleka merikebu mwambani kwa hiari. Huu ni msimamo wa mtu ambaye ndani yake kujua na kutenda havikuwahi kuachana, na nadhani hapo ndipo alipopotea: aliwapima watu kwa nafsi yake.

Waliomzunguka walikuwa ushahidi dhidi yake. Tuanze na Nicias wa kisa chetu. Katika mazungumzo yale yeye ndiye anayesema ushujaa ni elimu ya mambo ya kuogopwa na ya kutumainiwa, na Socrates anamkumbusha, kama kwa bahati, kwamba sheria humweka jemadari juu ya mpiga ramli, si mpiga ramli juu ya jemadari. Msomaji wa kwanza wa Plato alisoma hapo akatikisa kichwa. Mwezi Agosti mwaka 413 KK Nicias alikuwa Sicily na jeshi kubwa lililokuwa tayari kukimbia kutoka Syracuse. Usiku ule mwezi ukapatwa. Wapiga ramli wakasema wangoje siku tisa mara tatu, na Nicias akakataa hata kujadili safari kabla siku 27 hazijaisha. Adui akafunga mlango wa bandari. Jeshi likaangamia, Nicias mwenyewe akauawa, na maelfu ya mateka wakatupwa machimboni. Maana ya ushujaa alikuwa nayo kichwani muda wote huo.

Alcibiades na Critias, ambao waliwahi kuandamana na Socrates, mmoja aliusaliti mji na mwingine aliutawala kwa umwagaji damu baada ya kushindwa vita mwaka 404 KK. Habari zao zimesimuliwa mara nyingi. Mimi humkumbuka zaidi Meno, kijana tajiri wa Thessaly. Plato anamfanya amuulize Socrates swali hili: je, ubora hufundishwa, au huja kwa mazoezi, au ni wa maumbile? Meno alikuwa na majibu yake: ubora wa mwanamume ni kuuendesha mji, wa mwanamke ni kuitunza nyumba, wa mtoto huu, wa mzee ule. Socrates akamwambia aliomba nyuki mmoja amepewa mzinga mzima. Mwaka 401 KK Meno alikwenda Uajemi kama kamanda wa askari wa kukodiwa, na Xenophon, aliyekuwa katika safari hiyo, anamweleza kuwa mtu wa tamaa aliyemhesabu mkweli kuwa mjinga. Hakurudi. Katika mazungumzo hayohayo ya Plato anapita bwana mwingine, Anytus, mwenye hasira kwa kuambiwa kwamba wakubwa wa Athens hawakuweza kuwapa wana wao ubora. Anaondoka na onyo: Socrates, chunga ulimi. Mwaka 399 KK Anytus alikuwa mmoja wa watatu waliomshtaki.

Basi tangu kabla Socrates hajanywa sumu maswali yalikuwa yamekaa mezani. Plato aliyashughulikia maisha yake yote, na katika kitabu chake cha Jamhuri alijenga mji wa kubuni ambamo watoto wanalelewa kwanza kwa muziki na mazoezi ya mwili, wanazoeshwa kupenda kizuri kabla hawajaweza kueleza kwa nini ni kizuri, na wachache tu wanaendelea na hesabu na falsafa hadi wafikapo miaka 50. Mgawanyo umo humo, ila haujapewa jina.

Mwaka 367 KK kijana wa miaka 17 aliingia Athens kutoka Stagira, mji mdogo wa kaskazini. Baba yake, Nicomachus, alikuwa tabibu wa Amyntas, mfalme wa Macedonia. Aristotle alikaa katika Akademia ya Plato miaka 20, mpaka mwalimu alipokufa mwaka 347 KK. Kisha akavuka bahari kwenda Assos, na baadaye kisiwa cha Lesbos, ambako ghuba ya Pyrrha huingia nchi kavu ikiwa imejaa viumbe. Hapo mwana wa tabibu alipasua ngisi na samaki, akawahoji wavuvi. Aliandika jinsi kifaranga kinavyojengeka ndani ya yai: ukivunja yai siku moja baada ya nyingine, karibu siku ya tatu utaona moyo, tone jekundu linalopigapiga katika ute. Ukisoma maadili yake baada ya hayo, unatambua jicho lilelile. Amezoea kutazama kitu kinavyokua.

Aliporudi Athens mwaka 335 KK alifundisha Lyceum, nje ya kuta, mahali pa mazoezi penye miti palipowekwa wakfu kwa Apollo. Kati ya darasa hizo tumebakiwa na vitabu kumi viitwavyo Maadili ya Nicomachus. Mwishoni mwa kitabu cha kwanza anasema nafsi ya mtu ina sehemu yenye akili yenyewe, na sehemu nyingine, ile ya hasira na matamanio, ambayo haina akili yake lakini inaweza kuisikiliza akili, kama mtoto anavyomsikia baba yake. Fadhila zinagawanyika kufuata sehemu hizo: za akili huku, za tabia kule. Ushahidi wake ni wa mazungumzo ya kawaida. Tukisema habari ya tabia ya mtu, asema, hatusemi ni mjuzi. Twasema ni mpole, au ana kiasi.

Akifungua kitabu cha pili anamjibu Meno, ingawa hamtaji. Fadhila za akili zaidi hutokana na mafundisho, ndiyo maana zinataka uzoefu na muda. Fadhila za tabia hutokana na mazoea. Na hapo anacheza na lugha yake, kwani kwa Kigiriki neno la mazoea na neno la tabia yanatofautiana kwa urefu wa irabu moja tu. Hazitoki kwa maumbile. Jiwe kwa maumbile huanguka chini, na ukilirusha juu mara elfu kumi halitazoea kupanda. Wala hazikui kinyume cha maumbile: sisi tumeumbwa tuweze kuzipokea, na mazoea huzikamilisha. Mtu huwa mjenzi kwa kujenga, mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na mwadilifu kwa kutenda uadilifu. Anayepiga vibaya kila siku naye anajifunza, anajifunza kupiga vibaya.

Tukisema samaki mkunje angali mbichi tumeisema sehemu ya hoja hii, ila sehemu tu. Samaki hukunjwa na mwingine. Aristotle anataka mtoto akunjwe mpaka afurahie mkunjo: alama ya tabia iliyokamilika, kwake, ni raha. Anayejizuia huku roho ikimuuma hajawa na kiasi bado. Na kuna watu, asema mwana wa tabibu, wanaodhani kwa kuzungumza falsafa watakuwa wema. Wao ni kama wagonjwa wanaomsikiliza mganga kwa makini kisha hawafanyi lolote aliloagiza.

Halafu kuna wastani, fundisho lililomtia Aristotle katika vitabu vya shule na kumharibia jina humohumo. Ushujaa umo kati ya woga na ujasiri wa kipumbavu, ukarimu kati ya ubahili na ufujaji, uchangamfu kati ya mzaha wa mlevi wa vichekesho na ukavu wa asiyecheka kamwe. Watu husoma hapo wakadhani anahubiri kila kitu nusu nusu. Mfano wake mwenyewe unawakanusha. Ikiwa mina kumi za chakula ni nyingi mno na mina mbili ni chache mno (mina haifiki nusu kilo), haimaanishi mkufunzi ataagiza sita kwa kila mtu. Sita ni kidogo kwa Milo, yule mpiga mieleka wa Croton, na ni nyingi kwa anayeanza mazoezi leo. Wastani ni ule unaokufaa wewe, leo, kwa jambo hili. Sikatai kwamba orodha yake ina watu wanaochosha. Yule mwenye moyo mkuu, mwenye mwendo wa polepole na sauti nzito, anayeona haya kupokea hisani, singependa kuketi naye hata kwa kikombe kimoja.

Lakini ukishasema wastani haupimwi kwa mizani, swali linarudi kwa nguvu: nani anauona? Mazoea hayauoni. Mazoea yanajua jana. Kwa hiyo Aristotle anasema wastani ni ule ambao mwenye busara angeuamua, kisha anasubiri mpaka kitabu cha sita ndipo amweleze mtu huyo.

Kitabu cha sita kinataja njia tano ambazo nafsi huufikia ukweli. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kushtuka akizikuta kwa Kiarabu. Ufundi wa kutengeneza vitu uliitwa sinaa, elimu yenye uthibitisho ikaitwa ilmu, uwezo wa kushika misingi ya kwanza ukaitwa aql, na ujuzi wa mambo ya juu kabisa ukaitwa hikma. Sanaa, elimu, akili, hekima: tunazitumia sokoni na mahakamani bila kujua kwamba, katika Baghdad ya karne ya 9 na ya 10, wafasiri na wanafalsafa walizikalia usiku na mchana ili kumfanya Aristotle aseme Kiarabu. Kitabu hiki cha maadili nacho kilitafsiriwa. Nakala yake ilikuja kupatikana karne ya 20 katika maktaba ya Qarawiyyin huko Fez. Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, alikitumia sana katika kitabu chake juu ya kusafisha akhlaki, na kwa njia hiyo wastani wa Mgiriki ukaingia katika mafunzo ya maadili ya Waislamu. Maneno hayo yalifika pwani yetu kwa njia zake yenyewe, kwa dini na kwa biashara, siyo kwa Aristotle. Hata hivyo ni maneno yaleyale.

Ya tano ni ile ambayo Wagiriki waliita fronesis. Kiarabu cha al-Farabi kilisema taakkul, kutumia akili vizuri. Kiswahili kina neno ambalo nalipenda zaidi, busara, kwa sababu shina lake la Kiarabu ni kuona, na Aristotle anapofika kwenye fronesis maneno yake yote ni ya macho. Yapasa kusikiliza kauli za wazee na watu wenye uzoefu hata zisipokuwa na uthibitisho, asema, kwa kuwa uzoefu umewapa jicho, nao wanaona sawa. Kijana aweza kuwa bingwa wa jiometri. Hawezi kuwa na busara, maana busara inahusu mambo mamoja mamoja, na hayo hujulikana kwa kuishi. Ukijua kwamba nyama nyepesi ni nzuri kwa mgonjwa lakini hujui nyama ipi ni nyepesi, hutamponya mtu. Afadhali anayejua tu kwamba nyama ya kuku ni nzuri.

Mifano yake ya hekima na busara inarudi mtaani tulikoanzia. Mwenye hekima ni Thales, ni Anaxagoras: watu wajuao mambo ya ajabu, magumu, ya kimungu, na yasiyowafaa kitu, kwa kuwa hawatafuti mema ya binadamu. Mwenye busara ni Pericles. Sasa Anaxagoras alikuwa rafiki na mwalimu wa Pericles. Yeye ndiye aliyesema jua ni jiwe la moto kubwa kuliko Peloponnese, akashtakiwa kwa kuwakosea miungu, akaishia uhamishoni Lampsacus. Aristotle amewaweka mwalimu na mwanafunzi wake pande mbili za mstari: mmoja alilijua jua, mwingine aliujua mji. Aliyeisoma Athens angemalizia mwenyewe kwamba mwana wa Pericles, Xanthippus, hakupata hata kimoja, na kwamba alikufa katika tauni iliyoanza mwaka 430 KK, muda mfupi kabla ya baba yake.

Kisha inakuja hukumu juu ya Socrates, ya haki kuliko zote ninazozijua. Alikuwa sahihi kwa upande mmoja na alikosea kwa mwingine. Alikosea alipodhani fadhila zote ni busara. Alikuwa sahihi kwamba hakuna fadhila bila busara. Mtoto huzaliwa na mwelekeo wa ushujaa au upole, lakini mwelekeo huo bila akili ni kama mwili wenye nguvu usio na macho: kadiri ulivyo na nguvu ndivyo unavyojikwaa kwa kishindo. Na akili bila tabia njema siyo busara, ni werevu tu. Critias alikuwa mwerevu. Kwa hiyo, baada ya kuzigawa fadhila kwa uangalifu wote ule, Aristotle anakiri kwamba mtu hawezi kuwa mwema kamili kwa upande mmoja tu. Tabia inakuonyesha uelekee wapi, busara inakuonyesha upite wapi, na hakuna inayotangulia nyingine. Wengine huona hapo anazunguka duara. Mwenye kulea mtoto haoni ajabu yoyote.

Yapo yaliyomshinda. Ufundi ni miongoni mwa fadhila zake za akili, lakini katika kitabu chake cha siasa fundi anayeishi kwa mikono yake hastahili uraia katika mji bora. Mtumwa, anadai, hana kabisa uwezo wa kutafakari. Mwanamke anao, ila hauna mamlaka. Mtu aliyevunja mayai siku baada ya siku ili aone kwa macho yake hakutazama ndani ya nyumba yake kwa jicho hilo. Na kitabu cha kumi kinatushangaza kwa njia nyingine: baada ya kurasa nyingi za ushujaa, ukarimu na urafiki, anasema maisha bora kuliko yote ni ya kutafakari, yaani ya Anaxagoras, na ya Pericles yanashika nafasi ya pili. Wasomi wanabishana hadi leo kama hii inaafikiana na yaliyotangulia. Mimi nadhani alikuwa mwalimu, na walimu hupenda kazi yao.

Lakini hamalizii hapo. Kurasa za mwisho zinarudi kwa watoto. Hoja zingetosha kuwafanya watu wema, asema, zingestahili ujira mkubwa. Hazitoshi, kwa sababu udongo lazima ulimwe kabla ya mbegu. Sheria za mji ndizo zingefaa kulea. Miji mingi imelipuuza jambo hilo, basi kila mtu awasaidie watoto wake na rafiki zake, kwa maana neno la baba lina nguvu nyumbani kama sheria ilivyo na nguvu mjini, na baba humjua mmoja mmoja kama mganga amjuavyo mgonjwa wake.

Alijua anasema nini. Mwaka 343 KK Philip wa Macedonia alimwita amfundishe mwanawe Alexander, aliyekuwa na miaka 13, na kwa takriban miaka mitatu alifanya hivyo pale Mieza. Mwaka 328 KK, huko Maracanda, mwanafunzi huyo akiwa amelewa alimchoma mkuki Cleitus, mtu aliyewahi kumwokoa maisha vitani. Mwaka uliofuata alimkamata Callisthenes, ndugu wa Aristotle, na Callisthenes hakutoka mikononi mwake akiwa hai.

Alexander alipokufa Babeli mwaka 323 KK, Athens iliwageukia wote waliokuwa na harufu ya Macedonia. Aristotle alishtakiwa kwa kuwakosea miungu, kosa lilelile la Anaxagoras na Socrates. Hakungoja. Alikwenda Chalcis, ambako familia ya mama yake ilikuwa na mali, na akafa mwaka 322 KK akiwa na miaka 62. Wosia wake umehifadhiwa. Anaagiza mifupa ya mkewe Pythias izikwe pamoja naye, kama Pythias mwenyewe alivyotaka. Anakataza watumwa vijana waliomhudumia wasiuzwe, na wakifikia umri waachwe huru ikiwa wanastahili. Na mwanawe Nicomachus, aliyekuwa bado mdogo, anamweka mikononi mwa Nicanor, awe kwake kama baba na kama kaka.

Kijana huyo ndiye ambaye jina lake liko juu ya kitabu. Waandishi wa baadaye wanasema alilelewa na Theophrastus, rafiki wa baba yake, na akafa vitani angali kijana. Cicero, akiandika Roma mwaka 45 KK, alitaja kwamba watu humpa Aristotle vitabu hivi vya maadili, lakini yeye hakuona kwa nini visiwe vya Nicomachus mwenyewe, na kwa nini mwana asiweze kufanana na baba. Mwaka huohuo alikuwa amempeleka mwanawe Marcus Athens, akasome kwa Cratippus, mfuasi wa Aristotle. Marcus baadaye alifikia hata cheo cha ukonsuli. Pliny, katika kitabu chake cha viumbe na maumbile, anamkumbuka kwa jambo jingine: kwamba aliweza kunywa zaidi ya lita sita za mvinyo kwa mkupuo mmoja.